Siku Mstahiki Meya Alipopiga Hodi

Palikuwa na nchi, na tafadhali msianze kutazamana, maana nchi yenyewe iko mbali na hapa na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kufika. Iliitwa Jamhuri ya Ahueni. Kila mtu huko alikuwa na ahueni. Aliyeshiba alikuwa na ahueni kwa kuwa ameshiba, na mwenye njaa alitangaziwa redioni kila asubuhi kwamba ana ahueni kuliko mwenye njaa wa mwaka jana. Katika nchi hiyo kulikuwa na mji mdogo wa Chekelea, wenye soko moja, stendi moja, zahanati moja na taa moja ya kuongozea magari. Taa hiyo iliwaka kijani muda wote, kwa sababu Baraza la Madiwani lilikaa na kuona kwamba rangi nyekundu inawavunja moyo wawekezaji.

Sasa Chekelea ulitaka kuwa jiji. Ungeuliza kwa nini, ungejibiwa kuwa ni kwa maendeleo ya wananchi, na maendeleo hayo yalikuwa yameshachaguliwa hadi rangi: meusi, yenye viti vya ngozi, vioo vya giza na king'ora juu. Meya wa mji mdogo hapewi king'ora. Meya wa jiji hupewa. Mstahiki Meya Dakta Kilumanga, aliyetunukiwa udaktari wake na chuo kikuu ambacho kilikuwa bado hakijafunguliwa, alikiwaza king'ora hicho hata akiwa msalani. Kikwazo kilikuwa kimoja tu. Sheria ya Ahueni ilisema mji hauwezi kuwa jiji kama ndani yake kuna mtu asiye na pa kulala, na Tume ya Hadhi ya Miji ingekuja Jumamosi kuhakikisha kwa macho yake.

Na Chekelea, kwa bahati mbaya, watu hao walikuwamo.

*

Mmoja wao alikuwa Bi. Sikitu. Msimwonee huruma haraka, hapendi. Alikuwa mke wa mtu, mwenye nyumba ya vyumba vitatu na mpera uani, hadi mumewe alipofariki. Arobaini haijafika, mashemeji wakaja na kufuli jipya. Wakamwambia, "Shemeji, tunakupenda sana, ila nyumba ni ya ukoo." Akatoka na kanga zake, kikaango cha vitumbua na ulimi wake, na katika hivyo vyote ulimi ndio uliompa kazi nyingi zaidi baadaye.

Alihamia kwenye baraza la ghala la zamani la pamba, mali ya Manispaa, lililofungwa tangu pamba ilipokosa wa kuinunua. Hapo aliwakuta wenzake, na walikuwa wamejipanga kuliko Manispaa yenyewe: huyu anateka maji, yule anafagia, mwingine analinda vyombo. Alfajiri Sikitu alikaanga vitumbua vya kuuza stendi, na vilivyovunjika aliligawia baraza zima.

Jirani yake wa mkeka alikuwa Mzee Ngwaru. Enzi zake alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya Manispaa, akiwapigia mameya wote siku za kuapishwa, mpaka Manispaa iliponunua spika na kugundua kwamba spika haili. Siku hizi pumzi ya tarumbeta haikuwapo. Kifua kilikuwa kimemkamata, na zahanati iliyokuwa ng'ambo tu ya barabara ilimwanzishia dawa za kifua kikuu. Vidonge hivyo humezwa kila asubuhi mbele ya nesi, bila kuruka.

"Ukiruka-ruka, Babu," nesi alimwambia, "ugonjwa unaizoea dawa. Ukishaizoea, mimi sina nyingine ya kukupa."

Sikitu alikuwa amesimama pale, na maneno yale yalimkaa rohoni. Mzee hakuwa baba yake wala mjomba wake, lakini mumewe alikufa kwa kuchelewa kufikishwa kwa daktari, na Sikitu aliapa kwamba huyu hatakufa hivyo. Kila asubuhi alimshika mkono wakavuka barabara. Wakubwa walikuwa na dira zao na mipango yao ya maendeleo. Yeye alikuwa na huu mmoja tu, Mzee amalize dozi.

*

Msidhani Manispaa ilikaa bure. Iliitisha semina ndefu katika hoteli ya ufukwe wa ziwa, kujadili mikakati ya jamii ya kumaliza tatizo la watu wasio na makazi. Wasio na makazi wenyewe hawakualikwa, kwa kuwa kila mshiriki alitakiwa kuja na barua ya mtaa anaokaa.

"Ndugu wajumbe," alisema Mstahiki Meya akifungua, "suala la makazi ni suala mtambuka. Hatuwezi kulitazama kwa jicho moja ilhali tuna macho mawili. Na hatuwezi kulitazama kwa macho mawili ilhali tuna dira!"

Wajumbe walipiga makofi mpaka soda zikamwagika.

Mkakati wa kwanza ulikuwa wa kubadilisha jina. Kuanzia siku hiyo ilikatazwa kusema mtu hana makazi. Atajwe kuwa mkazi wa hewa safi. Mkakati wa pili, mabenchi ya stendi yalichomelewa nondo katikati ili mwananchi akae wima kama raia anayejiheshimu. Mkakati wa tatu ndio ulioitwa shirikishi: kila mtaa uwahifadhi watu wake. Wenyeviti wa mitaa walisimama mmoja mmoja, na kila mmoja akaapa kwamba mtaani kwake hakuna mtu wa namna hiyo, wale wanaoonekana ni wa mtaa wa pili wamekuja kupunga upepo.

Ndipo ukaja mkakati wa nne, ambao haukuandikwa popote kwa sababu ulikuwa wa busara mno. Alfajiri moja lori la Manispaa lilifika ghalani na mgambo wakashuka na virungu. Waliwapiga mateke watu wa barazani, wakawapakia, wakavuka nao daraja na kuwamwaga katika mji jirani wa Gugumizi. Wasichojua ni kwamba Gugumizi nao ulitaka kuwa jiji, na nao ulikuwa na lori. Malori mawili yalipishana darajani, moja likipeleka na jingine likileta, na madereva wakapigiana honi kwa adabu ya kikazi. Jioni wakazi wa hewa safi wa miji yote miwili walikutana hapo hapo darajani wakirudi kwa miguu, wakasalimiana na kuulizana habari za huko.

Lilikuwa jambo la kucheka, na walicheka. Ila mchezo huo ulirudiwa, na kila ulipochezwa Mzee Ngwaru alikosa dawa. Mara ya mwisho alikohoa damu kwenye kitambaa, akakikunja haraka asionekane. Sikitu alikuwa ameshaona. Usiku ule alimfunika kwa kanga yake mwenyewe na akaogopa, akaogopa kweli kweli, kwa namna ambayo hakuogopa hata siku ya mashemeji.

Kisha Manispaa ikashtuka kwamba bidhaa yake inarudi. Ikabuni mkakati wa tano. Ijumaa ya wiki ile ilitangazwa kwamba Jumamosi asubuhi, kabla ya Tume kufika, wakazi wote wa hewa safi watahamishiwa Kijiji cha Ukarimu, ndani kabisa ya pori, ambako lori huchukua kutwa nzima kufika. Kijiji hicho kilikuwa kimekamilika upande wa bango. Nyumba, maji na zahanati vilikuwa bado viko kwenye dira.

*

Lakini kabla ya Ijumaa hiyo kulitokea jambo, na bila jambo hilo tusingekuwa na hadithi.

Katiba ya Ahueni ilikuwa na ibara nyingi, na karibu zote zilikuwa zimetobolewa kama chandarua cha bwenini. Ibara ya Kwanza peke yake ndiyo iliyobaki nzima. Mwasisi wa taifa hilo, enzi za ukoloni, aliwahi kuvamiwa na bwana shauri mzungu akiwa anaoga kwenye beseni, na aibu ile haikumtoka. Siku ya uhuru, kabla hata ya kupandisha bendera, aliandika kwa mkono wake: *Mtu haingii kwa mtu bila hodi. Hodi ni tatu. Ukikosa karibu, geuza.* Polisi wa Ahueni walipiga hodi. Watoza ushuru walipiga hodi. Hata wezi wa Ahueni walikuwa wakinong'ona hodi kabla ya kuvunja dirisha. Wakubwa hawakuthubutu kuigusa ibara hiyo, kwa kuwa wao ndio waliokuwa na mengi ya kuficha ndani.

Sikitu alikuwa akiosha kikaango siku moja baada ya kurudi Gugumizi, mgongo ukimuuma kwa teke la mgambo, akajiuliza kwa nini yule kijana, ambaye kwao hawezi kuingia hata chumbani kwa mdogo wake bila hodi, alimfikia yeye kwa buti. Jibu alilipata hapo hapo. Mtu asiye na mlango ni njia, kila mtu anapita.

Akasimama, akafunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo, akatundika kanga yake nzuri kuliko zote. Iliandikwa *Nyumba njema si mlango.*

Mzee Ngwaru aliitazama, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, kanga haizuii hata nzi."

"Sizuii nzi, Babu," alisema Sikitu. "Nazuia serikali."

Mkuu wa mgambo, Afande Mkwizu, alipita mchana akaiona. "Hiyo siyo nyumba," alisema kwa sauti ili wapita njia wasikie. "Hiyo ni nguo imeanikwa." Wapita njia wakacheka. Sikitu akasema hewala, ila nguo yake hajaianua, na hataianua.

*

Jumatano, siku tatu kabla ya ujio wa Tume, Mstahiki Meya alifika ghalani kwa mazoezi ya mapokezi. Alikuja na madiwani, na mgambo, na mtangazaji wa Redio Ahueni aliyekuwa akirusha tukio moja kwa moja. Meya alikuwa na jambo zito la kutangaza: ghala lile lingekuwa Makumbusho ya Umaskini.

"Watoto wetu," alinguruma kwenye kinasa sauti, "watakuja hapa kujifunza umaskini ulikuwaje! Watauona! Watauliza! Nasi tutawajibu kwamba tuliushinda!"

Makofi. Akapanda ngazi za baraza kwa hatua za mtu anayepigwa picha. Mbele yake kulikuwa na kanga. Nyuma ya kanga kulinukia vitumbua, hiliki na tui la nazi.

Lazima mjue kwamba Mstahiki Meya alilelewa na bibi, na bibi mwenyewe alikuwa wa kuvuta masikio. Mtu unaweza kutunukiwa udaktari, ukapewa mgambo na suti ya vipande vitatu, lakini sikio lililovutwa utotoni halisahau. Mguu wake ulifika kwenye kanga. Mkono wake ukajisimamisha. Na mdomo wake, bila kumuuliza mwenyewe, ukasema:

"Hodi!"

Nchi nzima ilisikia. Madiwani walitazamana. Mtangazaji alisahau kufunga mdomo. Nyuma ya kanga, Sikitu alikuwa na kitumbua kwenye kijiti, kimeiva upande mmoja. Sauti ilimtoka tulivu kama ya mwenye nyumba wa miaka yote.

"Karibu, mwanangu. Karibu ndani. Viatu hapo pembeni."

Na Meya akavua viatu. Soksi moja ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba. Akaketi mkekani, akaulizia hali ya wenyeji, akaambiwa ni njema ila mzee hajambo kidogo, akampa pole, akapewa kitumbua, akala. Akapewa cha pili. Alipokuwa ananyoosha mkono kuchukua cha tatu ndipo alipokumbuka kuwa yeye ni Meya.

*

Baraza la dharura liliketi mchana ule ule. Mwanasheria wa Manispaa alieleza hali ilivyo: mtu aliyepigiwa hodi na kiongozi wa serikali, akaitikia, na kiongozi akaingia na kula, huyo kisheria yuko kwake na hahamishwi, ila Tume ikimkuta barazani itamhesabu hana pa kulala. Meya alishika kichwa. Basi taarifa ikatolewa kwa umma kwamba Mstahiki hakupiga hodi, alikuwa anasafisha koo kutokana na vumbi la maendeleo, na kwamba vitumbua vile alivichukua kwa ajili ya uchunguzi.

Kesho yake Chekelea nzima ilishikwa na vumbi hilo la maendeleo. Mwendesha bodaboda alisafisha koo mbele ya ghala, "Hodi!" Watoto wa shule wakasafisha koo, "Hodi! Hodi!" na Sikitu akawaitikia wote. Mwanzoni ilikuwa dhihaka. Lakini wanawake wa sokoni ni watu wazito, hawapotezi hodi zao. Asubuhi hiyo hiyo mama mmoja muuza mchicha, akiwa na tenga kichwani, alisimama mbele ya kanga, akapiga hodi ya kweli, akasubiri, akakaribishwa, akaketi na kumwachia Mzee fungu la mchicha. Akaenda zake kuwasimulia wenzake kwamba pale pana wenyewe, pana adabu zote, na nyumba nyingine za matofali hazina hata robo ya hizo.

Kutokea hapo ikawa kazi ya mji mzima. Huko stendi watu walitundika shuka kati ya nguzo, na abiria wakapiga hodi. Uwanja wa mpira, fundi mmoja aliwasimamishia wakazi wa jukwaani mlango mtupu, fremu na bawaba, bila ukuta kulia wala kushoto. Watu waliuendea huo mlango, wakapiga hodi, wakangoja, wakafunguliwa. Hakuna aliyeuzunguka. Semina ya ufukweni ilikula ng'ombe mzima na haikumpatia mtu hata mmoja pa kulala. Watu wa Chekelea, kwa pumzi zao tu, walikuwa wameanza kuwapa wenzao kwao.

*

Jumamosi asubuhi, zahanati haijafunguliwa, lori la Kijiji cha Ukarimu likafika. Tume ilikuwa njiani. Mstahiki Meya alikuja na gari lake, akaegesha mbali kidogo na kuteremsha kioo. Afande Mkwizu akawapanga mgambo wake mbele ya ghala.

Watu walikuwa wameshajaa. Walikaa pande zote mbili za barabara, wengine na mitungi, wengine na mswaki mdomoni. Ndani, Sikitu alikuwa amemwegemeza Mzee Ngwaru kifuani mwake. Mzee alikuwa na homa tangu alfajiri.

"Wakitubeba leo, mwanangu," alisema Mzee kwa sauti ndogo, "mimi huko sifiki."

"Hatubebwi."

"Nasema wakitubeba."

"Nimesikia, Babu. Nimesema hatubebwi."

Nje Afande Mkwizu aliinua kirungu, akapiga hatua, na hapo sauti ikatoka kwenye umati. Ilikuwa ya yule mama muuza mchicha.

"Mkwizu! Mimi mama yako nilikufunza kuingia kwa watu namna hiyo?"

Kirungu kilishuka. Afande alitazama buti zake. Alitazama gari la Meya. Kisha akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Ndani kimya. Sikitu aliweka kiganja kwenye mdomo wa Mzee asije akakohoa.

"Hodi, wenyewe."

Kimya.

"Jamani, hodi!" Sauti yake sasa ilikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe.

Hakuna aliyeitika. Afande Mkwizu akavaa kofia yake, akageuka kwa saluti nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. "Mheshimiwa, tumekosa karibu. Tunageuza."

"Unageuza nini?" Meya alikuwa ameshashuka garini. "Ile ni nguo! Ni nguo imeanikwa, umesema mwenyewe!"

"Nilisema, Mheshimiwa. Lakini mama yangu yule pale."

Mstahiki Meya akaona king'ora chake kinayeyuka. Akapanda ngazi mwenyewe, akaishika kanga kwa mikono miwili, akaichana kutoka juu hadi chini. Mlio wake ulisikika hadi ng'ambo ya barabara. Akabaki amesimama na kipande kila mkono, akitazamana na mwanamke aliyeketi na mzee mgonjwa mapajani.

Watu waliinamisha macho, kama mtu anavyofanya akimwona mkubwa wake yuko uchi. Sikitu akasimama taratibu. Woga wa siku zile zote ulikuwa umekwisha, na mahali pake palikuwa na hasira safi, isiyotetemeka.

"Asante, baba," alisema. "Ulikula kwangu Jumatano, leo umeingia bila hodi. Maana yake hodi imefutwa Chekelea. Na kama imefutwa, haiwezi kufutwa kwangu peke yangu. Jamani, nisaidieni kumbeba mzee."

*

Vijana wa bodaboda walimbeba Mzee Ngwaru kwenye mkeka, kila mmoja pembe yake. Meya alidhani wanampeleka lorini, akashusha pumzi. Wakalipita lori. Wakaishika barabara ya lami inayoelekea nyumba ya Meya, ambayo ilitazamana na zahanati kwa upande wake wa pili, na umati ukafuata nyuma. Wa stendi wakakata kushoto kwenda kwa Mkurugenzi wa Manispaa. Wa uwanjani walielekea kwa mwanasheria, wakibeba mlango wao. Gari la Meya lilijaribu kupita, lakini barabara ilikuwa imejaa migongo ya watu, na gari lile halikuwa na king'ora.

Getini mlinzi aliwazuia. "Mama, kwa mheshimiwa huwezi kuingia hivi hivi. Lazima upige hodi."

"Hodi imefutwa leo asubuhi, na bosi wako mwenyewe. Akifika muulize," alisema Sikitu, akapita.

Sebuleni walikuta Tume ya Hadhi ya Miji imeshawasili. Ilikuwa inaanza ukaguzi kwa supu na chapati, kama ilivyo kawaida ya tume. Mwenyekiti wake, mama mmoja wa makamo mwenye miwani minene, aliweka kijiko chini. Vijana wakamlaza Mzee Ngwaru kwenye zulia jekundu. Sikitu akaketi kwenye kochi la ngozi, akakiweka kikaango chake kwenye meza ya kioo, akawaamkia wote vizuri. Mtangazaji wa Redio Ahueni aliingia nyuma yao na kinasa sauti mkononi, akifuata harufu ya habari.

Meya alifika anahema, vipande vya kanga bado viko mikononi.

"Mheshimiwa Meya," alisema Mwenyekiti, "hawa ni akina nani?"

Palikuwa na majibu mawili. Aseme ni watu wasio na pa kulala, mji ubaki mji na yeye abaki na honi ya kawaida. Au aseme jingine. Meya alitazama kinasa sauti, akatazama zulia, akatazama dirishani ambako nyuso za Afande Mkwizu na mama yake zilikuwa zimebanana kwenye kioo. Jasho lilimtiririka hadi kwenye tai.

"Ni jamaa zangu," akasema.

"Huyu mzee?"

"Ni... ni baba yangu mdogo."

"Na huyu mama?"

"Shangazi."

"Shangazi mkubwa," alirekebisha Sikitu, akajimiminia chai.

Mwenyekiti wa Tume aliguswa. Alisema ametembea miji mingi inayotaka kuwa jiji, na kila meya alimwonyesha mnara wa saa, lakini hajawahi kumwona meya anayewakalisha wazee wa ukoo sebuleni kwake, hata wakiwa wagonjwa. Akasema atapita tena mara kwa mara kuwajulia hali, kwa sababu mambo kama haya ni ya kuigwa. Meya alitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino.

"Asante, mama," alisema Sikitu. "Ila hatukuja kukaa tu. Baba yake mdogo huyu anameza dawa kila asubuhi, na saa hizi zahanati imefunguka. Tulikuwa tunamsubiri mwenyewe ampeleke."

"Mpeleke, Mheshimiwa!" alisema Mwenyekiti. "Mzazi kwanza. Tutakusindikiza."

Basi watu wa Chekelea waliona jambo ambalo hawakuwahi kuliona. Mstahiki Meya Dakta Kilumanga alitoka nje ya geti lake akiwa amemshika Mzee Ngwaru kiunoni, mkono wa Mzee ukiwa shingoni mwake, suti ikivutika upande mmoja. Nyuma yao alikuja Sikitu, kisha Tume, kisha redio, kisha mji. Walivuka barabara polepole kwa sababu Mzee alichoka haraka. Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakampisha.

Nesi alikuwa dirishani, vidonge vimo mkononi na kikombe cha maji kiko tayari. Alimtazama Mzee. Akamtazama aliyemshika. Alikuwa amesikiliza redio tangu asubuhi, lakini uso wake haukuonyesha kitu.

"Babu, naambiwa umehama," alisema. "Niandike sasa hivi unakaa wapi?"

Mzee Ngwaru alimgeukia Meya, akangoja. Sikitu naye akangoja. Mtangazaji akasogeza kinasa sauti mpaka kikagusa tai.

"Kwangu," alinong'ona Mstahiki Meya.

"Sema kwa sauti, mwanangu," alisema Mzee Ngwaru. "Nesi hajasikia."